Mtoto Niliyemchagua

Daftari lile bado ninalo. Ni daftari kubwa la kaunta, jalada lake jeusi limebanduka pembeni, na kwenye ukurasa wa Machi 2016 kuna majina 43 ya watoto waliokuja majaribio kwenye kiwanja cha mchanga Mbagala. Majina 22 nimeyawekea vema. Mengine 21 nimeyakata kwa rula, mstari mmoja kila jina, kama mtu anayefunga hesabu za duka. Na pembeni ya jina moja nimeandika neno moja kwa herufi kubwa: HUYU.

Majina yenyewe sitayataja. Watoto wale ni watu wazima sasa, wana maisha yao, na hakuna aliyeniomba nimtangaze.

Umati ule ulikuwa na sababu yake. Miezi miwili tu kabla, Januari 2016, Mbwana Samatta alitangazwa jijini Abuja kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huohuo akasajiliwa na Genk ya Ubelgiji. Samatta ni mtoto wa Mbagala. Ukipita vichochoroni wakati ule ulisikia jina lake kwenye kila chandimu, na kila mzazi aliyekuwa na mtoto anayependa mpira alianza kumtazama mtoto wake kwa jicho jipya. Wengine walikuja nao wenyewe, wamewashika mkono, wamewanunulia daluga za mtumba zilizozidi mguu kwa saizi mbili.

Mimi nilikuwa kocha msaidizi wa vijana chini ya miaka 15 katika klabu moja ya Temeke. Mkuu wangu alinikabidhi kazi ya kuchuja kwa sababu aliamini nina jicho. Niliipokea sifa hiyo kwa moyo wote. Nimecheza mchangani tangu enzi za mpira wa makaratasi, nimefika ligi ya mkoa, nikaamini kwamba mtu aliyeishi na mpira muda wote huo humjua mwenye kipaji kwa kumwona tu, kama mpishi anavyojua mchuzi umekolea kwa kuunusa.

Huyu niliyemwandika kwa herufi kubwa alikuwa na miaka 13. Alikuwa amewapita wenzake kwa kichwa kizima, sauti imeshakuwa nzito, kivuli cha ndevu kimeanza juu ya mdomo. Mechi ya majaribio ilikuwa ya dakika 20, akafunga mabao manne. Akipigiwa mpira mrefu, beki anayemkaba anabaki na kipande cha jezi mkononi. Bao la tatu alipiga kutoka mbali, nje ya boksi la kumi na nane, golikipa akainama kujikinga. Watu waliosimama kivulini walianza kumwita Samatta.

Swali la kwanza alilouliza kila mtu lilikuwa umri. Tulihisi ni kijeba, yaani mkubwa aliyepunguziwa umri ili acheze na wadogo. Ila mama yake, anayekaanga samaki Rangi Tatu, alikuja siku ya pili na kadi ya kliniki iliyotunzwa kwenye mfuko wa nailoni, uzito umeandikwa mwezi kwa mwezi tangu alipozaliwa 2003. Akaniwekea mkononi. "Mwalimu, huyu nimemzaa mwenyewe. Nani anajua umri wake kunizidi?"

Mama alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Nilipojua mtoto si kijeba nilifikiri nimemaliza kazi. Mawazo yangu yalikuwa kwamba udanganyifu wa umri ndio peke yake unaoweza kuniharibia hesabu. Sikujua kwamba watoto wawili waliozaliwa wiki moja, hospitali moja, wanaweza wakifika miaka 13 kuachana kwa miaka mitatu au minne katika kukomaa kwa mifupa na misuli. Mmoja amebalehe mapema, mwingine bado kabisa. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Ukiwaweka kwenye kiwanja kimoja na kuuliza nani bora, mwili wa yule wa kwanza utakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Kwa wastani, mvulana hurefuka kwa kasi zaidi akiwa na miaka 14 hivi, na mwaka huo anaweza kuongeza sentimita tisa au kumi. Msichana humtangulia kwa karibu miaka miwili. Lakini wastani ni wastani. Kuna anayeruka kimo akiwa na 12, kuna anayeruka akiwa na 16, na mtoto aliyekulia kwenye njaa mara nyingi huchelewa. Huyu wangu alikuwa amesharuka. Mwili niliouona ulikuwa karibu ni ule atakaokuwa nao ukubwani, mimi nikaandika kana kwamba ni mwanzo tu.

Kuna jingine lililonichukua miaka kuliona. Wakati ule nilikuwa nimesoma kwamba Ajax ya Uholanzi huwapima vijana wake kwa mambo manne: ufundi, uelewa wa mchezo, haiba na kasi. Nikachora safu nne kwenye daftari, kila moja alama kumi. Huyu nilimpa tisa kila safu. Nikiuangalia ukurasa ule leo najiuliza ule uelewa niliuona wapi. Katika dakika 20 hakuwahi kuhitaji kuelewa kitu. Aliuchukua mpira, akakimbia, akapiga. Kasi yake ilimwagikia safu nyingine zote. Kwa kuwa alikuwa mwepesi niliandika kwamba ana akili ya mpira, na kwa kuwa alifunga niliandika kwamba ana moyo. Safu zilikuwa nne, nilichokipima kilikuwa kimoja.

Mstari wa saba kutoka chini kuna jina nililolikata. Alikuwa mtoto wa mguu wa kushoto, peku, mwembamba kama ufito. Nimeandika: "Anaangushwa." Ndiyo maelezo yote aliyopata kwangu. Nakumbuka kitu kimoja tu kuhusu mchezo wake, nacho nakikumbuka kwa sababu kiliniudhi: alikuwa anageuza shingo kila wakati, kushoto, kulia, kama anamtafuta mtu aliyemwibia. Nilifikiri hajatulia.

Miaka kadhaa baadaye nikasoma kazi za Geir Jordet, mtafiti wa Norway aliyewarekodi kwa video wachezaji wa kiungo wa Ligi Kuu ya Uingereza na kuhesabu mara ngapi mchezaji anageuza kichwa kutazama uwanja kabla mpira haujamfikia. Wanaotazama zaidi hufikisha pasi zao zaidi, na Frank Lampard alikuwa miongoni mwa waliotazama kuliko wote. Nilifunga simu nikakaa kimya. Mtoto yule alikuwa anatazama. Kwa mwili wake hakuwa na njia nyingine: asipojua mapema adui anatokea wapi, anakanyagwa. Udogo wake ulikuwa umeshamfundisha jambo ambalo ukubwa wa mwenzake ulimnyima.

Sidai kwamba yule mdogo angekuwa mchezaji. Hiyo siwezi kuisema, wala hakuna anayeweza. Nilimwona mara moja 2021, Kariakoo, anasukuma mkokoteni wenye marobota. Hakunikumbuka, na sikujitambulisha. Nilitaka kumuuliza kama bado anacheza, nikaona sina haki ya kuuliza.

Katika vikao vyetu makocha ipo hadithi tunayopenda kusimuliana. Harry Kane aliachwa na Arsenal akiwa mtoto mdogo, leo ndiye mfungaji bora wa wakati wote wa timu ya taifa ya Uingereza. Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, wakaona ni mdogo wa umbo, na 2016 akachukua ubingwa na Leicester. Griezmann alikataliwa na klabu za kwao Ufaransa kwa sababu ya kimo mpaka Real Sociedad ya Hispania ikamchukua. Ni kweli tupu. Ila nimeanza kuzichukia hadithi hizi kwa namna tunavyozitumia. Tunazisimulia ili tupate usingizi: kama ana kipaji kweli atarudi tu, maji hufuata mkondo. Kane aliachwa ndani ya London, na akiwa na miaka 11 akapokelewa Tottenham, jirani kabisa. Mtoto wa Mbagala nikimkata jina Jumamosi, hakuna klabu nyingine inayomsubiri Jumatatu. Kinachomsubiri ni mtaa. Kwa kila Vardy anayesimuliwa kuna wengi waliokatwa vilevile na hadithi zao hazina wa kuzisimulia, kwa sababu ziliishia palepale kwenye daftari la mtu kama mimi.

Nirudi kwa Huyu, maana yeye ndiye nilimkosea zaidi, ingawa nilimchagua.

Mwaka wa kwanza alitubeba. Tulichukua kombe la wilaya, viongozi wakaja kupiga picha, mkuu wangu akapongezwa na mimi nikapongezwa. Tulimpigia mipira mirefu kwa sababu ilikuwa inaleta mabao. Hakuna aliyemfundisha kupokea mpira akiwa amempa mgongo beki. Hakuna aliyemwambia ageuze shingo. Kwa nini umsumbue mtoto anayefunga matatu kila mechi? Alipofika miaka 15 mabao yakapungua, tukasema ana uvivu. Alipofika 16 wenzake walikuwa wamemfikia kimo, na mmoja wa waliokuwa wakibaki na jezi yake mkononi sasa alikuwa anamnyang'anya mpira kwa bega. Nilimwona akimtazama yule beki kwa mshangao, kama mtu aliyekuta kufuli ya nyumba yao imebadilishwa.

Aprili 2019 fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilichezwa hapahapa Dar es Salaam. Niliwapeleka vijana wangu uwanjani kutazama ufunguzi, Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya umri huo, na Nigeria. Tulifungwa 5-4, mechi ya kukosesha pumzi, na jukwaa zima lilikuwa limesimama. Kwa umri wake Huyu angeweza kabisa kuwa mmoja wa wale waliokuwa chini pale. Alikaa amekumbatia magoti. Kwenye daladala ya kurudi hakusema neno mpaka tunashuka. Miezi mitatu baadaye akaacha kuja mazoezini.

Fainali zile zilitufundisha jambo kuhusu umri pia. Guinea walifika mchezo wa mwisho, wakafungwa na Kamerun kwa penati, kisha CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikawaondolea matokeo yao baada ya kubainika kwamba wachezaji wawili walikuwa na tarehe za kuzaliwa tofauti na zile walizotumia kwenye mashindano ya Japani 2017. Nafasi yao ya Kombe la Dunia ikaenda kwa Senegal. Tangu 2009 FIFA hutumia picha ya MRI ya kifundo cha mkono kwa mashindano ya chini ya miaka 17: kama mfupa wa pale umeshaungana kabisa, ni nadra sana mwenye nao awe hajavuka umri. Kipimo kizuri, lakini hakifiki Mbagala, na hata kingefika kisingenisaidia kwa mtoto wa miaka 13. Kinajibu swali la nani amevuka mstari. Nani atakuja kuwa mchezaji ni swali jingine.

Na tukizungumza kwa uwazi, vijeba hawajiingizi wenyewe. Wanaingizwa na watu wazima wanaotaka kombe. Kocha wa watoto akileta kombe anapewa nauli na sifa. Akileta mtoto mmoja aliyejifunza kutumia mguu wa pili, hakuna anayemuuliza habari. Nilishakaa kwenye kikao ambapo kiongozi alinitazama usoni akasema: "Mwalimu, hao wadogo ni wa kesho, sisi tunacheza leo." Nilinyamaza. Ukimya wangu siku ile naujutia kuliko mstari wowote wa kwenye daftari, kwa sababu mistari ilikuwa ujinga na ule ulikuwa woga.

Niliondoka klabu ile mwishoni mwa 2019. Sasa nina kikundi changu cha Jumamosi asubuhi, watoto 30 na kitu, wavulana na wasichana sita, kiwanja kilekile. Sichuji mtu. Kazi ya kuwatazama bado ninaifanya, lakini nimebadilisha ninachokitazama.

La kwanza ni tumbo. Naona aibu kwamba nilichelewa kiasi hiki. Mtoto akija kwenye majaribio hajala tangu chai ya jana jioni, unachokipima ni njaa. Nilikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akipotea kila mechi baada ya robo saa, anasimama tu, na niliwahi kumwandika hana pumzi. Siku moja mama mmoja wa jirani alileta ndoo ya uji na maandazi kwa ajili ya msiba wa mtaa, akawagawia watoto kabla hatujaanza. Yule kijana alikimbia saa nzima. Tangu hapo kabla ya kuandika chochote nauliza: umekula nini? Tunachangishana, uji unapikwa, na mpira unaanza baada ya uji.

Viatu navyo. Mtoto aliyezoea peku mchangani ukimpeleka kwenye nyasi na daluga za kuazima atateleza, na wewe utaandika hana mizani. Sadio Mané, nyota wa Senegal, ameeleza mwenyewe jinsi alivyofika majaribio Dakar akitokea kijijini kwao Bambali, na mtu mmoja akamkebehi kwa viatu vyake vilivyochanika. Bahati yake alipewa nafasi ya kucheza kabla ya kuhukumiwa.

Kisha ninawapima kimo. Kuna mwembe kando ya kiwanja, na kwenye shina nimepigilia ubao wa mistari. Kila baada ya miezi mitatu kila mmoja anasimama, visigino vimegusa mti. Nimesoma kwamba klabu za Uingereza zilianza miaka kumi iliyopita kujaribu mashindano ambayo watoto hupangwa kwa kiwango cha kukomaa badala ya mwaka wa kuzaliwa, wakikadiria kimo cha ukubwani kwa kutumia kimo cha wazazi. Hesabu ile ilitengenezwa kutokana na watoto wa Ohio, Marekani, na nusu ya watoto wangu siwezi kumpima baba kwa sababu baba hayupo, kwa hiyo siitumii. Nafuata jambo dogo zaidi: nani ameanza kuruka, nani bado. Mtoto aliyeongeza sentimita tatu kwa miezi mitatu namtazama kwa upole. Miguu yake si ile aliyoizoea. Atapoteza mpira rahisi, atajikwaa, na mara nyingi atalalamika maumivu chini ya goti, pale penye kinundu. Madaktari wanayaita Osgood-Schlatter, dawa yake kubwa ni kupunguza kukimbia na kuruka mpaka yatulie. Sisi tulikuwa tunawaita wavivu na kuwaongezea mizunguko.

Baada ya hapo ndipo mpira. Jumamosi moja nawapanga kwa umri. Inayofuata nawapanga kwa kimo, wadogo wanne kwa wanne, wakubwa wanne kwa wanne, kiwanja kidogo, magoli ya ndala. Hapo ndipo mambo hufunguka. Yule mrefu aliyezoea kupita kwa mabavu anajikuta kati ya warefu wenzake na lazima afikiri. Yule mdogo aliyekuwa anajificha ubavuni anaanza kudai mpira kwa sauti. Natazama shingo zao. Natazama wanachofanya mara tu baada ya kupoteza mpira. Nawafundisha kitu kimoja, mathalani kupokea kwa mguu wa mbali, halafu Jumamosi inayofuata sikitaji kabisa, naangalia nani amerudi nacho. Anayerudi nacho bila kukumbushwa nimeshaanza kumwamini kuliko anayefunga.

Hata hivyo siandiki hukumu. Nikiangalia njia ya Samatta, ambaye watu wengi wa Mbagala watakwambia walimjua tangu utotoni, naona mtu aliyepimwa upya kila hatua. African Lyon, kisha Simba, kisha TP Mazembe ya Kongo waliomwona akicheza dhidi yao kabla ya kumchukua 2011, karibu miaka mitano Lubumbashi, ubingwa wa Afrika wa 2015 akiwa na mabao saba. Genk alifika na miaka 23. Michael Olunga wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa uhandisi chuoni Nairobi huku akiichezea Gor Mahia, akaenda Ulaya akiwa ameshavuka 20, na 2020 akawa mfungaji bora wa ligi ya Japani kwa mabao 28. Watu kama hao hawakumalizwa kutazamwa wakiwa na miaka 13.

Huyu sasa ana miaka 22, anaendesha bajaji. Mwaka jana aliniona barabarani, akasimamisha, akanisalimia shikamoo kama zamani. Tulipofika kiwanjani akazima injini, tukakaa. Aliniuliza kitu nilichokuwa nakiogopa. "Mwalimu, siku ile ya majaribio, uliona nitafika?"

Nilimwambia ukweli. "Niliona umeshafika. Kwa hiyo sikukufundisha."

Akatikisa kichwa polepole, akatazama mchanga. Hakunilaumu, wala hakusema si kitu. Jumamosi iliyofuata alikuja asubuhi kabla ya abiria kuwa wengi, na tangu hapo huja karibu kila mara. Ndiye anayeshika rula siku za kupima, kwa sababu mkono wake unafika juu ya kila kichwa. Mimi naandika, yeye anasoma namba.

Juni hii alifika kwa mtoto mmoja mdogo kuliko wote, wa miaka 14, ambaye tangu Desemba mstari wake haujasogea. Mtoto alijinyoosha mpaka visigino vikainuka. Huyu akamgusa bega kwa upole ashuke, akaweka rula, akasoma namba ileile ya Machi. Nilisita na kalamu.

"Andika tu, mwalimu," akasema. "Tutampima tena Septemba."